Kabla Greda Halijaja: Kutunza Barabara na Daraja la Kijiji kwa Jembe na Sururu

Masika yakianza na Fuso la kabichi likakwama kona ya tatu kutoka kijijini, mnunuzi wa Kariakoo hasubiri. Siku ya kwanza utingo anashusha mzigo ili gari lichomoke. Siku ya pili kabichi zinaanza kunuka. Siku ya tatu anayeulizia bei ni mwenye ng'ombe. Nimezunguka na vikundi vya barabara kwenye milima ya Usambara miaka kadhaa, na pote palipokwama gari nilipokewa na swali lilelile: "Fundi, greda linakuja lini?"

Greda huja mara moja kwa mwaka, likija. Na likikuta mitaro imeziba, hukwangua tabaka la juu, likasukuma udongo pembeni, likaondoka. Barabara inang'aa wiki tatu, lakini imeshuka. Mwaka unaofuata hivyo hivyo. Baada ya miaka kumi barabara iko chini ya mashamba kwa kimo cha mtoto wa shule, maji hayana pa kutokea, na kilichobaki ni mto unaopitisha magari wakati wa kiangazi. Barabara nyingi ninazozijua zilizokufa hazikuuawa na malori. Ziliuawa na maji yaliyokosa njia, yakisaidiwa na greda lililopita juu ya mitaro iliyoziba.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kazi ya mikono, ile ya kufanywa kabla greda halijaja na hata lisipokuja. Nimeufikiria kwa barabara ya udongo au changarawe yenye upana wa mita 4 hadi 5, ya milimani: Lushoto, Same, Rungwe, Uluguru. Wa tambarare mtachukua kinachowafaa.

Kwanza: jua barabara ni ya nani

Usichimbe kabla ya kuuliza. Tanzania Bara, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za wilaya, zile zinazounganisha kata na vijiji, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi Julai 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Kwa wenzetu wa Kenya, tangu ugatuzi wa 2013 nyingi za vijijini ni za kaunti, na nyingine za KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini ya serikali kuu.

Kwa nini ujisumbue? Sababu ya kwanza ni kwamba kuna mpango wa mwaka na bajeti. Huenda kalavati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara) mnalotaka kulizibua limepangiwa kubadilishwa mwezi ujao. Ya pili, pesa ipo hata kama ni ndogo: unapotia mafuta kwenye bodaboda unachangia Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Ya tatu ndiyo ambayo vikundi vingi havijui. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalum, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii na kuingizwa kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, kinaweza kuomba kazi ya kufyeka, kuzibua mitaro na kuziba mashimo, kikalipwa. Mnayoyafanya bure mwaka huu mwakani yanaweza kuwa mkataba.

Pitia kwa mtendaji wa kijiji, apeleke kwa mtendaji wa kata, na diwani apate nakala. Barua moja yenye muhuri inatosha kuanzia.

Pili: tembea barabara mvua inanyesha

Hatua hii wengi huiruka, nami nikiambiwa nichague moja tu ningeichagua hii. Kiangazi kila barabara inafanana na nyingine. Shimo ni shimo tu, hujui limetoka wapi. Vaa koti la mvua, chukua fimbo, daftari ndani ya mfuko wa nailoni na penseli (kalamu ya wino inafutika), mtoke wawili. Tembeeni kutoka juu kwenda chini, mkiyafuata maji.

Mnachotafuta ni mahali maji yanapoingia barabarani, mahali yanapokimbia katikati yake, na mahali yanapotoka. Hesabu hatua kutoka alama inayojulikana: "hatua 140 baada ya mfenesi wa msikitini, maji yanavuka kutoka kulia." Chomeka fimbo kwenye kalavati uone kama maji yanapita kwa kasi au yanajikusanya mdomoni. Angalia rangi yake. Maji mekundu mazito yanayotoka mtaroni yanakuambia juu huko kuna mahali panalika.

Siku moja tulifuata maji yaliyokuwa yakichana barabara kwa karibu mita 200. Wanakikundi walikuwa na hakika kwamba dawa ni kumwaga changarawe tripu tano. Tulipopanda hadi chanzo tukakuta mzee amejengea mawe njia ya kuingilia uani kwake, juu ya mtaro, bila bomba chini. Mtaro wote wa juu uliishia hapo na maji yakarukia barabarani. Hakuwa mtu mbaya, alitaka tu pikipiki ya mwanawe iingie. "Baba, tukusaidie kuweka bomba," kiongozi wa kikundi akamwambia, na kazi ikawa ya asubuhi moja.

Tatu: panga tarehe kwa mvua, si kwa kalenda ya ofisi

Kwenye misimu miwili, kama kaskazini na pwani, kazi kubwa ni Septemba kabla ya vuli, na tena Januari hadi Februari kabla ya masika. Mbeya, Iringa, Ruvuma na Rukwa, ambako mvua ni moja ndefu, malizeni kabla ya Novemba. Msianze Machi kwa kisingizio kwamba udongo umelainika. Kweli ni rahisi kuchimba, lakini hautashindiliwa vizuri wala hautapata muda wa kukaza.

Mpangilio wa kazi ni huu: maji kwanza, uso wa barabara baadaye. Kuziba mashimo kabla ya kuzibua mtaro ni kupeleka changarawe bondeni kwa mkopo.

Nne: vifaa

Majembe, sururu, makoleo, mapanga, fyekeo, reki, toroli mbili, kamba ya mita 20, futi ya kupimia na pimamaji ya fundi ujenzi. Shindilio, la kukandamizia udongo, mtatengeneza wenyewe. Chukua kopo tupu la rangi la lita 4, simamisha katikati bomba la chuma linalokufika kifuani, jaza zege, acha likauke kwa wiki. Litakuwa na uzito wa kama kilo 10, na mama wa kawaida anaweza kulinyanyua saa nzima kwa kupokezana. La zito zaidi ya hapo linabaki limeegemezwa ukutani.

Na kitu kimoja cha kupigwa na seremala, ambacho kitafanya kazi yenu ifanane na ya mhandisi: kibao cha mgongo. Nitakieleza mbele.

Tano: mitaro na michepuo

Anza kuchimba kutoka mwisho wa chini, pale maji yanapotokea, upande kwenda juu. Ukianzia juu na mvua ikakukuta katikati, umechimba bwawa.

Mtaro mzuri una kitako bapa cha sentimita 40 hadi 50 na kuta zilizolala kidogo. Wengi huchimba wenye umbo la herufi V kwa sababu ni wepesi kwa jembe. Maji hukusanyika kwenye ncha yake na kuchimba korongo. Majani yaliyoota kwenye kuta usiyang'oe, yafyeke yabaki mafupi. Mizizi yake ndiyo saruji yenu. Kitako peke yake ndicho kinachosafishwa.

Udongo unaotoka mtaroni upelekwe wapi? Si ukingoni mwa barabara. Nimeona kazi nyingi nzuri zikiharibiwa hapo: watu wanazibua mtaro, wanarundika tope kando, tuta dogo linatokea kati ya barabara na mtaro, na maji ya barabarani hayafiki tena mtaroni. Upandishwe upande wa shamba au usombwe kwa toroli. Wala usiurudishe barabarani kuziba mashimo. Ni tope laini lisilo na changarawe, likilowa ni sabuni.

Kila mtaro unahitaji michepuo, vitaro vidogo vinavyotoka pembeni na kumwaga maji shambani au bondeni kabla hayajawa mengi. Mteremkoni, pale ardhi inaporuhusu, weka mchepuo kila mita 20 hadi 40. Usiuchepushe kwa pembe mraba, maji yatagonga ukuta na kuruka. Uelekeze mbele kwa mshazari kama tawi linavyoacha shina. Mahali pa kukutania, mtaro mkuu uzibwe kwa mawe na udongo ulioshindiliwa ili maji yalazimike kugeuka.

Hapa ndipo ugomvi unapoanzia, kwa sababu mchepuo unaishia kwenye shamba la mtu. Usimfuate mwenye shamba ukiwa na jembe begani. Mfuate jioni, uzungumze. Mkulima wa nyanya anaogopa maji ya ghafla, na ana haki ya kuogopa. Lakini maji hayohayo yakielekezwa kwenye shimo la kutulia, la mita moja na nusu kwa kila upande, au kwenye makinga maji ya mgomba, yanakuwa mali. Makueni na Kitui kule Kenya, kwenye ukame usio na mzaha, wakulima wanayavuta maji ya barabara kwa makusudi hadi kwenye mashimo na matuta ya miembe na ndizi. Mchepuo mmoja ukifanikiwa, jirani atakuja mwenyewe kuomba wake. Andikeni makubaliano kwenye daftari la kijiji, maana shamba huuzwa na mnunuzi hakuwepo.

Kwenye mteremko mkali mtaro wenyewe utalika. Pima mwinamo: funga kamba ya mita 10 kati ya vigingi viwili ndani ya mtaro, ining'inizie pimamaji, inyooshe iwe sawa, halafu pima tofauti ya kimo ncha hadi ncha. Sentimita 50 kwa mita 10 ni asilimia 5. Chini ya asilimia 4 huhitaji kitu. Kwenye asilimia 5 weka kizuizi cha mawe kila mita 20, na ukifika asilimia 10 kila mita 5. Kizuizi ni mstari wa mawe, au vigingi vya miti, ulioukata mtaro kwa upana, katikati ukiwa chini kuliko pembeni ili maji yapite juu yake katikati. Wengi husawazisha juu, maji yanazunguka pembeni na kula ukuta. Mbele ya kizuizi, upande wa chini, panga mawe bapa maji yaangukie. Ukipanda majani ya vetiva au guatemala nyuma yake, baada ya msimu mmoja hutaona mawe, utaona ngazi za majani, na mwenye mbuzi atakushukuru.

Sita: mgongo wa barabara

Barabara ya udongo inatakiwa iwe na mgongo, katikati juu na pembeni chini, kama mgongo wa samaki aliyelala. Maji yakianguka yaende pembeni mara moja. Barabara mpya ya udongo hupewa mwinamo wa asilimia 8, yaani kwa kila mita unayoenda pembeni inashuka sentimita 8. Barabara ya mita 5 ina mita 2.5 kila upande, hivyo katikati pazidi ukingo kwa sentimita 20. Ukishindiliwa na kupitiwa utalala kidogo, na hiyo ni sawa. Ukishuka chini ya asilimia 4 maji yanaanza kukaa.

Jicho linadanganya, hasa milimani ambako kila kitu kimeinama. Ndiyo maana ya kile kibao. Mwambie seremala achukue ubao ulionyooka wa mita 2. Ncha moja apigilie mguu wa sentimita 5, ncha ya pili mguu wa sentimita 21. Tofauti ni sentimita 16, ambayo ni asilimia 8 ya mita 2. Kilaze barabarani kwa kukata upana, mguu mfupi upande wa katikati, mguu mrefu upande wa mtaro, weka pimamaji juu ya ubao. Povu likikaa katikati, mwinamo ni sahihi. Likikimbilia upande wa katikati ya barabara, mgongo uko juu mno. Likikimbilia mtaroni, ongeza udongo katikati. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukitumia, na kwa kweli kikundi kimoja kilimpa kazi hiyo binti wa shule siku za likizo. Akawa mkali kuliko msimamizi.

Kwenye kona kali za mlimani mgongo haufanyi kazi, mwambieni fundi wa wilaya awaonyeshe upande wa kulaza barabara nzima.

Saba: mashimo

Shimo dogo lizibwe likiwa dogo. Kata kingo zake zisimame wima, liwe na umbo la mraba hata kama lilikuwa la duara. Toa maji na tope lote hadi ufikie udongo mgumu. Nyunyiza maji kidogo. Jaza changarawe tabaka lisilozidi sentimita 10, shindilia mpaka shindilio lianze kuruka, kisha tabaka jingine. La mwisho lizidi uso wa barabara kwa sentimita 2 au 3, magari yatalimalizia. Mawe makubwa, matofali mabovu na makuti hayazibi shimo. Gurudumu linapiga pembeni ya jiwe na kesho una mashimo mawili.

Changarawe nzuri, moramu kama tunavyoiita, ina kokoto, ina mchanga, na ina udongo mfinyanzi kiasi wa kuishika. Ipime kwa mkono. Ilowe kidogo, finyanga donge kama la ugali, liachie kutoka kimo cha kiuno. Likivunjika vipande vichache, unyevu unafaa, shindilia. Likitawanyika kama unga, ongeza maji. Likibandika kama kinyesi cha ng'ombe, lisubiri likauke. Lisiposhikana kabisa hata likilowa, changarawe hiyo haina gundi, tafuteni machimbo mengine au changanyeni na udongo mwekundu.

Nane: kalavati

Kalavati linaziba kwa sababu tatu: dogo mno, halina mwinamo wa kutosha, au linapokea takataka ambazo zingezuiwa juu. Kwa leo shughulikia ya tatu.

Zibua kutoka upande wa kutokea maji, si wa kuingilia. Ukizibua kutoka juu na maji yamejaa nyuma yake, tope linaweza kuachia ghafla. Piga kwanza ndani kwa mti mrefu, kelele ziwe nyingi: nyoka wanapenda kalavati kavu kama watu wanavyopenda kivuli. Asiingie mtu mzima wala mtoto ndani ya bomba wakati wingu limetanda, wala bomba lenye ufa juu. Kwa bomba la sentimita 60, fungeni ndoo iliyokatwa mdomo kwa kamba mbili, mmoja huku mwingine kule, mvute kwa zamu kama wanaopiga msumeno wa shimo. Hiyo ndiyo sababu siku hizi hatushauri bomba jembamba zaidi ya sentimita 60. La 45 likiziba limeziba.

Ukishazibua, shuka ukaangalie linakotokea. Mara nyingi maji yamechimba birika, na ukuta wa mdomo unaning'inia hewani. Jaza birika kwa mawe makubwa, ya kunyanyuliwa na watu wawili, yakipangwa kwa kubanana, siyo kumwagwa. Juu, mdomo wa kuingilia, chimba kishimo cha kutulizia mchanga, ambacho kitazolewa kila mwezi wa mvua. Kukizoa ni kazi ya nusu saa. Kuzibua bomba lililojaa ni kazi ya siku mbili.

Mkipewa mabomba mapya na fundi hayupo siku hiyo, kumbukeni mambo mawili ambayo hukosewa. Bomba liiname: kwa urefu wa mita 6, mwisho uwe chini kuliko mwanzo kwa kama sentimita 18. Na juu yake udongo ulioshindiliwa uwe angalau robo tatu ya kipenyo chake, yaani sentimita 45 kwa bomba la 60. Likifukiwa juujuu lori la kwanza la mbao litalipasua. Shindilieni pande zote mbili kwa pamoja, tabaka kwa tabaka, lisisukumwe upande.

Tisa: daraja

Daraja la magogo bado ndilo la wengi. Likague kiangazi, ukiwa chini yake, si juu. Gonga kila gogo kwa nyundo kuanzia ncha. Lililo zima hulia kwa sauti kavu, lililooza hulia kama ngoma iliyolowa. Ukishuku, toboa kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, gogo hilo limekwisha hata kama nje linapendeza. Kuoza huanzia pale gogo linapogusa udongo, kwa hiyo ncha zikalie mawe au zege na udongo usukumwe mbali. Mikaratusi ikatwe, imenywe magome, ikauke kabla ya kutandazwa. Kuna desturi ya kupaka oili chafu ya gari. Inasaidia kiasi, lakini kijito hicho ndicho wanachoteka maji akina mama huko chini, mimi siishauri.

Mbao za juu ziachiane kwa upana wa kidole ili tope lidondoke. Fagia. Ndiyo, daraja linafagiwa: tope lililokaa juu ya mbao linashika unyevu mwaka mzima. Pigilia mistari miwili ya mbao nene mahali magurudumu yanapopita, zichakae hizo badala ya sakafu. Msumari ukichomoza, upigwe siku hiyohiyo, tairi la bodaboda halina huruma nao.

Daraja la zege au mawe linaonekana la milele, na wengi hawalitazami tena. Linaangushwa kuanzia miguuni, kwenye msingi. Baada ya kila mafuriko, maji yakishapungua, chukua nondo ya mita moja na nusu uchomeke kuzunguka msingi. Ikiingia chini ya msingi, mto umeanza kulichimba. Hapo zuia malori na peleka taarifa siku hiyo, hilo si la jembe. Ufa ukiuona, chora mstari wa rangi mwisho wake na uandike tarehe. Ukirudi mwezi ujao ufa umeupita mstari, una jambo la kumwonyesha mhandisi. Vitundu vidogo kwenye kuta za pembeni vimewekwa ili ukuta upumue maji, vizibueni kwa waya. Magogo na matete yanayokwama kwenye nguzo yatolewe kabla ya mvua. Na udongo wa viingilio, pale barabara inapokutana na daraja, uangaliwe kuliko daraja lenyewe. Mara nyingi daraja hubaki limesimama katikati ya mto kama meza, viingilio vyake vimeondoka.

Halafu kuna mchanga. Anayechota mchanga chini ya daraja ili akajenge nyumba anashusha kitako cha mto, na mto unaanza kula kurudi juu mpaka kwenye msingi. Serikali ya kijiji iweke mpaka wa mbali, juu na chini ya daraja, na ausimamie mtu anayeheshimika, siyo yule mwenye tipa.

Panapohitajika daraja jipya na mawe yapo, ulizeni habari za daraja la mawe la upinde. TARURA wamejenga mengi, Kigoma hasa, yakitumia mawe na mafundi wa palepale kwa gharama iliyo chini sana ya zege lenye nondo. Upinde wa mawe hauna chuma cha kuoza.

Kumi: mvua ikishika

Mvua kubwa ikinyesha, mwenye zamu atoke na jembe. Saa hiyo donge moja lililoziba mchepuo linatolewa kwa dakika mbili. Likiachwa hadi asubuhi limechukua mita 30 za barabara.

Na malori yasubiri. Barabara ya udongo iliyolowa ikipitwa na Fuso moja lenye mzigo inachanika mifereji miwili, na kila gari linalofuata linazidisha. Vijiji vingine huweka mti wa kufunga njia hadi saa chache baada ya mvua, kwa makubaliano yaliyoandikwa na kutangazwa, wagonjwa wakipitishwa wakati wote. Madereva watalalamika. Wenye mzigo wa kuoza watalalamika zaidi, kwa hiyo kubalianeni nao mapema, kabla msimu haujaanza, kwamba waondoke na mzigo asubuhi ikiwa anga ni safi. Kwenye vivuko vya kukanyaga majini, simika nguzo zilizopakwa rangi kwa vipimo. Maji yakipita goti la mtu mzima, asivuke mtu wala pikipiki.

Watu, ngwe na daftari

Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, watu 80 wakija na hakuna aliyewapimia kazi, 20 watalima na 60 watashauri. Pimeni ngwe usiku wa kuamkia. Kila kaya ipewe kipande chake cha mtaro, kimepigiwa vigingi, na anayemaliza aende zake hata kama ni saa tatu asubuhi. Wajane na wazee wapewe kufyeka au kuchota maji ya kunywa. Baada ya hapo, matunzo ya kila wiki hayafai kuwa ya umati: mpeni mtu mmoja anayeishi kando ya barabara kipande cha kilomita moja au mbili, na posho kidogo kutoka ushuru wa mazao ikiwa kijiji kimekubaliana.

Mwisho wa msimu mtabaki na orodha ya mliyoshindwa: kalavati lililokatika, ukuta uliolala, mlima ulioporomoka. Iandikeni kwa meneja wa TARURA wa wilaya, mambo matatu au manne tu, si ishirini. Kwa kila moja taja hatua kutoka alama inayojulikana, urefu na kina kwa mita, tarehe lilipoharibika, na nani anakwama: shule, zahanati, soko la Jumatano. Piga picha mtu akiwa amesimama ndani ya korongo, kichwa chake kionekane usawa wa barabara. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi nanyi, ikae kwenye daftari pamoja na ile ya mwaka jana.